Goti la bingwa na goti la mchimba madini

Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili, mjini Hangzhou kule Uchina, binti mmoja wa Korea ya Kusini alimaliza mwaka wake wa kazi. Jina lake ni An Se-young, na kazi yake ni kucheza badmintoni. Siku hiyo alimshinda Wang Zhiyi wa Uchina katika fainali ya kufunga mwaka 2025, akabeba kombe lake la 11 kwa mwaka mmoja. Katika mchezo wa mmoja-mmoja, mbele yake ni mtu mmoja tu aliyekuwa amefikia hesabu hiyo: Kento Momota wa Japani, mwaka 2019. Tena, juu ya feza, An alipita dola milioni moja za zawadi katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna mchezaji wa badmintoni aliyekuwa amelifanya. Umri wake wakati huo ulikuwa miaka 23.

Tunajua swali litakalotoka kwa wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi, Kipushi, Kambove na Fungurume. "Shiye tunaamka saa kumi ya usiku juu ya kungoja basi ya kompani. Hii mambo ya Wakorea inatuhusu nini?" Inatuhusu kwa sababu ya goti. Huyu binti alipata ushindi wote huo na goti ambalo liliumia kazini, akacheza nalo miezi mingi kwa maumivu, halafu siku moja akasema wazi mbele ya dunia nzima kwamba haikutunzwa inavyofaa. Tunapenda kuzungumza habari hiyo leo, mwanzo wa mwaka, wakati kompani zinapanga tani za mwaka mpya na kila mfanyakazi anajiuliza mwili wake utaziweza namna gani.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa sababu huku kwetu si wengi wanaoujua. Watu wawili, au wanne, wanasimama pande mbili za wavu, kila mmoja na raketi yake. Wanapigiana kitu kidogo kinachoitwa kinyoya: manyoya 16 ya bata bukini yamepangwa juu ya kizibo, na uzito wake wote ni gramu 5 hivi. Kinyoya kikigusa chini upande wako, pointi ni ya mwenzako. Anayefika pointi 21 amechukua seti, na mwenye seti mbili ameshinda.

Ukiutazama mara ya kwanza unaweza kusema ni mchezo wa watoto. Lakini kinyoya kikipigwa na mtu mwenye nguvu, kinatoka kwenye raketi kwa mwendo unaopita kilometa 400 kwa saa. Yule wa upande mwengine lazima akimbie mbele, atupe mguu mmoja hadi goti lipinde kabisa, arudi nyuma, aruke, atue, aanze tena. Mechi moja inaweza kupita saa nzima, na kesho yake kuna ingine. Mzigo wote unashukia magoti, vifundo na mgongo. Mtu aliyepanda toka shimoni na mfuko wa mawe mabegani hana haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa tuangalie msimu. Tangu mwaka 2018, shirikisho la dunia la badmintoni limepanga mashindano yake kwa ngazi. Ngazi ya juu ina mashindano manne: Malaysia mwezi wa kwanza, All England mjini Birmingham mwezi wa tatu, Indonesia mwezi wa sita, na Uchina mwezi wa saba. Chini yao kuna mengine sita, yakiwemo ya India, Singapore, Japani, Danemarki na Ufaransa. Halafu yanakuja mengine mengi ya ngazi ndogo, na mwisho wa mwaka wale wanane bora wa kila aina wanaitwa kwa fainali. Kati ya hayo yote unaongeza mashindano ya mabara, mashindano ya dunia, na makombe ya mataifa. Mchezaji anaishi ndani ya ndege na hoteli, wiki moja Jakarta, wiki nyingine Singapore.

Na wale wa juu hawachagui. Sheria ya shirikisho inawataka wachezaji 15 wa kwanza wa mmoja-mmoja, na jozi 10 za kwanza, wacheze mashindano 12 kwa mwaka: yale manne makubwa, yale sita yanayofuata, na mawili ya ngazi ya tatu. Asiyekuja bila sababu inayokubaliwa, anaweza kulipishwa dola 5,000. Juu ya hayo kuna hesabu ya pointi. Nafasi ya mtu katika orodha ya dunia inatoka kwa matokeo yake 10 mazuri ya wiki 52 zilizopita. Ukikaa nyumbani miezi mitatu na mguu ndani ya bandeji, pointi zako za zamani zinaanguka moja moja, na wengine wanakupita. Hakuna mtu wa kukufukuza. Kalenda yenyewe inakufukuza.

Feza nayo inavuta. Mjini Jakarta mwaka 2025 zawadi za mashindano yote zilikuwa dola 1,450,000, na mshindi wa mmoja-mmoja anachukua asilimia 7 ya hiyo. Ni zaidi ya dola laki moja kwa kazi ya siku sita. Anayetolewa siku ya kwanza anarudi na kidogo sana, na ndege amekwisha kuilipa. Basi mtu akisikia goti linalia, anafunga bandeji ngumu na kuingia uwanjani. Sisi huku tuna jina la mambo kama haya: tunayaita primu ya mavuno. Wenye kufikisha tani wanapata, wasiofikisha wanatazama.

Turudi kwa An Se-young. Tarehe 7 mwezi wa kumi 2023, katika mji uleule wa Hangzhou, alikuwa anacheza fainali ya michezo ya Asia na Chen Yufei wa Uchina. Katika seti ya kwanza goti lake la kuume likaumia. Alianguka, akafungwa bandeji, akainuka. Alipoteza seti ya pili, akashinda ya tatu, akapewa medali ya dhahabu. Wote wakamsifu kwa ushujaa. Mwanzoni ilisemwa kwamba apumzike majuma machache tu na atapona. Baadaye ikaonekana kwamba kano ya goti ilikuwa imechanika zaidi ya vile, na yeye mwenyewe akatangaza kwamba atalazimika kucheza na maumivu mpaka Michezo ya Olimpiki ya Paris.

Alicheza hivyo. Tarehe 5 mwezi wa nane 2024, huko Paris, alichukua dhahabu ya Olimpiki. Korea ilikuwa haijapata dhahabu ya wanawake ya mmoja-mmoja tangu Bang Soo-hyun mwaka 1996, ni kusema miaka 28. Saa hiyo kila mtu alingoja machozi ya furaha na asante kwa wakubwa. Badala yake, akiwa bado na medali, alisema kwamba kuumia kwake kulikuwa kukubwa, kwamba wakubwa wa timu walikuchukua kama jambo dogo, na kwamba imani yake kwao imevunjika. Shirikisho la badmintoni la Korea lilikataa maneno hayo na kutoa majibu marefu kwa maandishi. Lakini serikali haikuishia kusikiliza upande mmoja. Wizara ya michezo ilifungua uchunguzi.

Uchunguzi ulitoa mambo ambayo mfanyakazi yeyote ataelewa. Wachezaji wa timu ya taifa walikuwa wanalazimishwa kutumia raketi na viatu vya kompani iliyofanya kontra na shirikisho, hata kama viatu hivyo vinawaumiza miguu. Asiyetaka kuendelea na timu hakuweza kwenda kucheza nje kwa jina lake mwenyewe mpaka awe amefanya miaka mitano ndani ya timu na kufikia umri fulani: 27 kwa wanawake, 28 kwa wanaume. Wizara ilisema kanuni hizo zibadilishwe. Mwezi wa kwanza 2025 palifanyika uchaguzi wa rais wa shirikisho, na aliyekuwapo akashindwa na Kim Dong-moon, mchezaji wa zamani aliyepata dhahabu ya Olimpiki mara mbili.

Wengi waliogopa kwamba binti huyu amejiharibia kazi. Mwaka 2025 umejibu. Na ndani ya mwaka huo kuna siku moja ambayo kwetu ina uzito kuliko makombe. Alikuwa amekwisha kushinda Malaysia, All England na Indonesia. Ilibaki Uchina, mwezi wa saba, mjini Changzhou, ili awe ameshinda yale manne makubwa yote kwa mwaka mmoja. Katika nusu-fainali, na Han Yue mbele yake, goti likaanza kumsumbua. Ilikuwa seti ya pili. Akasimama, akampa mwenzake mkono, akatoka. Aliacha jambo ambalo pengine halitarudi. Mwezi uliofuata, katika mashindano ya dunia huko Paris, alishindwa kabla ya fainali. Halafu kuanzia mwezi wa tisa akaanza kushinda tena: Shenzhen, Danemarki, Ufaransa, Australia, na mwisho Hangzhou. Kama angelazimisha goti siku ile ya Changzhou, hakuna mtu anayeweza kusema angekuwa wapi leo.

Tunajua angalau wapi alipofika mwenzake Carolina Marín wa Hispania, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2016. Mwaka 2019 goti la kuume lilimvunjikia katikati ya fainali Indonesia. Mwaka 2021 likaumia la kushoto, akakosa Olimpiki ya Tokyo. Alirudi kwa jasho nyingi. Tarehe 4 mwezi wa nane 2024, katika nusu-fainali ya Paris, alikuwa anaongoza, na goti la kuume likamwacha tena. Aliondoka uwanjani akilia. He Bingjiao wa Uchina, aliyekuwa anacheza naye, alipopanda kuchukua medali ya fedha alishika mkononi beji ndogo ya Hispania kwa kumkumbuka. Ni heshima nzuri, lakini haiponeshi goti.

Na kuna habari nzito kuliko hiyo. Tarehe 30 mwezi wa sita 2024, huko Yogyakarta, Indonesia, mtoto wa miaka 17 kutoka Uchina, Zhang Zhijie, alianguka uwanjani katikati ya mashindano ya vijana wa Asia. Moyo wake ulikuwa umesimama. Video iliyoonekana dunia nzima inaonyesha sekunde zinapita, na hakuna anayemgusa. Alikufa. Shirikisho la Indonesia lilieleza kwamba kufuatana na sheria, munganga hawezi kuingia uwanjani mpaka mwamuzi mkuu atoe ruhusa. Mtu yuko chini, na anayejua kumsaidia anasimama pembeni akingoja ishara ya mkubwa. Hapa hatuna la kuongeza. Kila mmoja wetu afikirie mahali anapofanya kazi, na ajiulize: mwenzangu akianguka leo, nani ana haki ya kusimamisha mashine? Nani ana haki ya kuita gari ya wagonjwa bila kuomba kwanza?

Sasa tuongee ya kwetu.

Akina mama ndio wanaoona wa kwanza. Bwana anashuka kwenye basi akishika mlango na mikono miwili. Anakaa chini juu ya kuvua viatu, siku hizi hawezi tena kuinama. Usiku anageuka mara kumi. Ukimuuliza anasema, "Haina kitu, ni baridi tu." Kesho yake saa kumi anaamka na kwenda. Kazini hasemi, kwa sababu amekwisha kusikia ile maneno tunayoisikia wote: "Ukisema uko mugonjwa, kesho utakuta jina yako haiko tena ku lisiti." Kama yuko na kontra ya miezi mitatu kwa kompani ndogo inayofanyia kazi kompani kubwa, woga wake si wa bure. Watu wanasimama langoni kila asubuhi wanangoja nafasi.

Wengine watatuambia: An Se-young alisema kwa sababu alikuwa na dhahabu shingoni. Nani angemfukuza? Sisi tuna nini shingoni? Ni swali la haki, na hatutaki kulikimbia. Ni kweli kwamba hata yeye alingoja siku ambayo hawakuweza tena kumnyamazisha. Mchezaji wa nafasi ya 60, mwenye goti kama lile, angesema vile pengine tusingesikia jina lake. Lakini hapo ndipo somo lilipo. Asiye na medali hasemi peke yake. Anasema pamoja na wengine, na anasema kwa karatasi. Kwa sababu hiyo sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inaweka wajumbe wa wafanyakazi waliochaguliwa, na inataka pawe na kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Sheria hiyohiyo inasema kwamba ugonjwa au ajali vinasimamisha kontra, haviui kontra. Na CNSS ina tawi la ajali za kazi na magonjwa ya kazi, ambalo patro peke yake ndiye anayelilipia. Mfanyakazi hakatwi franka hata moja kwa ajili yake. Lakini ajali ambayo haikuandikwa, kwa CNSS ni kama haikutokea.

Wakubwa wa kompani nao wana neno lao, na tuliseme: kuko watu wanaojifanya wagonjwa. Ni kweli, wako. Lakini dawa yake ni munganga mzuri ambaye hapokei amri toka kwa mkubwa wa mavuno. Kuwatisha wote ili wadanganyifu wachache wasipate mwanya kunaleta hasara kwa kompani yenyewe, kwa sababu mtu mwenye mgongo ulioharibika na usingizi mchache ndiye anayeshika usukani wa kamio ya tani mia. Goti lililofichwa halidhuru mwenye goti peke yake.

Kuna tena jambo moja ambalo kompani nyingi zinalifanya kwa nia nzuri na linaleta ubaya. Wanaweka ubao langoni wa kuhesabu siku bila ajali, na ekipe nzima inapewa zawadi hesabu ikifika juu. Mtu akiumia siku ya 89, wenzake wote wanamtazama: "Usituharibie." Anaficha. Ubao unaendelea kusema vizuri, na mwili wa mtu unaendelea kuoza. Zawadi ya namna hii ingebadilishwa: walipwe wale wanaotoa habari ya hatari mapema, kamba iliyolika, taa iliyokufa, mguu ulioteguka. Ekipe inayosema ndiyo yenye usalama.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache mwaka huu. Kompani kubwa ziwaulize wale wanaofanya kazi chini yao: wafanyakazi wenu wote wameandikwa CNSS? Munganga wao ni nani? Wajumbe wa sendika wawe na kitabu, na kila ajali, hata ndogo, iandikwe tarehe, saa, mahali na majina ya walioona. Kila mahali pa kazi pawe na sheria moja isiyo na majadiliano: mtu akianguka, aliye karibu anasimamisha kazi na kuita msaada, ruhusa itatafutwa baadaye.

Kwa ndugu zetu wachimbaji wa mikono, wasio na CNSS wala munganga, tunasema neno lingine. Munajua likelemba, akina mama zenu wanaifanya sokoni. Ekipe ya shimo moja inaweza kuweka kidogo kila wiki kwa ajili ya yule atakayeumia, ili asirudi ndani na mguu uliovimba kwa kukosa unga wa watoto. Koperative zinazokata pesa kwa kila mfuko zina deni hapo, na muna haki ya kuziuliza.

Na kwa kila mfanyakazi: ukiumia leo, sema leo. Mwambie shefu, mwambie mjumbe, dai karatasi. Maumivu yaliyosemwa siku ileile yana ushahidi; yale yanayosemwa baada ya mwezi mmoja, watakuambia uliumia kwa mpira wa Jumapili. Wazee walisema: mficha ugonjwa, kilio kitamfichua. Nyinyi akina mama, musikubali jibu la "ni baridi tu" mara ya tatu.

Mwezi wa kwanza 2026 msimu mpya wa badmintoni ulifunguliwa Kuala Lumpur, na yule binti wa Korea alikuwa tena mbele ya wavu. Ana goti lilelile. Mashine ikiharibika kompani inaagiza piesi toka ng'ambo, inafika kwa ndege au kwa barabara ya Kasumbalesa, na kazi inaendelea. Mwili hauna piesi. Wale wanaotaka tani za mwaka 2026 wakumbuke hiyo wanapoandika kalenda yao, na sisi tukumbuke hiyo kabla ya kunyamaza.